Sauti ya Saba ya Ugogo

Mpwa wangu, hakuna sauti inayotoka peke yake. Ukikwaruza uzi wa zeze, ukipuliza baragumu, hata ukimwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, kinachotoka ni kundi zima la sauti. Ya chini kabisa ndiyo tunayoitambua, nyingine zimekaa juu yake kwa mpangilio usiobadilika, na sikio kwa mazoea yake linazipokea zote kwa mkupuo na kuzihesabu kuwa moja. Nimeona nikuandikie habari hii kwa kirefu kwa sababu sasa una studio yako na kompyuta yako, na juzi ulinisikilizisha wimbo wa wale vijana wa Dodoma uliowarekodi. Kazi ni nzuri, nimekwisha kukuambia. Lakini zeze lao umelinyoosha kwa programu mpaka likalingana na kinanda, na hapo kuna kitu umekiondoa. Kitu hicho mimi nilikisikia kwa wenyewe, kabla hujazaliwa, nami nataka ukijue kilivyo ndipo uamue.

Ilikuwa 1974. Mwaka uliotangulia chama cha TANU kilikuwa kimepitisha uamuzi wa makao makuu ya serikali kuhamia Dodoma, na kila mahali watu walikuwa wakihama kuingia vijiji vipya, wengine kwa hiari, wengine kwa kusukumwa. Mvua zilikuwa zimekataa. Mimi nilikuwa kijana wa Tanga, fundi msaidizi wa Radio Tanzania Dar es Salaam, pale Barabara ya Pugu, na kazi yangu ilikuwa kubeba mashine, kubadilisha betri na kuandika majina kwenye maboksi ya tepu. Tulitumwa Ugogo, huko Dodoma, kurekodi ngoma. Tuliondoka jioni kwa treni ya Reli ya Kati, behewa la daraja la tatu, limejaa magunia, kuku na watoto waliolala chini ya viti, na harufu ya dagaa ikichanganyika na moshi wa sigara hadi koo likawasha. Morogoro tukanunua dirishani mayai ya kuchemsha, mawili senti 60, na chumvi yake imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Kulipopambazuka tulikuwa tumeshaingia nchi nyingine kabisa: ardhi nyekundu, mibuyu isiyo na jani hata moja, na upepo unaokujaza mchanga mdomoni ukithubutu kucheka. Pale stesheni ya Dodoma chai ya maziwa na chapati ilikuwa thumuni, nayo chai ilinuka moshi, lakini tuliinywa kwa shukrani. Betri za National tulikuwa tumezipakia kwenye sanduku la mbao, na kiongozi wetu wa msafara alilikalia njia nzima asije akaibiwa, maana mashine yetu ya kurekodia, Uher, ilimeza tano kwa mpigo na dukani kila moja ilikuwa zaidi ya shilingi.

Kabla ya kwenda vijijini tulimpitia mwalimu mmoja wa kwaya ambaye kiongozi wetu alimfahamu. Mtu mpole, shati jeupe limepigwa pasi vizuri ajabu kwa mahali penye vumbi kama lile, na chumbani kwake kulikuwa na kinanda cha kupampu kwa miguu kilichonukia mbao za zamani na dawa ya mchwa. Alipojua safari yetu akatikisa kichwa kwa huruma. Watu hawa wana sauti nzuri, alisema, wana mapafu, wana midundo, lakini kuna mahali hapawaingii. Akabonyeza do, mi, so. Hizo wanazipata, tena safi. Kutoka so kwenda juu, ndipo wanapopotea: la wanaipita, ti hawaifikii, wanasimama katikati. Amewafundisha miaka mingi, kanisani wakifuata kinanda wanajitahidi, wakirudi nyumbani wanarudi palepale. Alisema kwa masikitiko ya kweli, kama mtu anayezungumzia ugonjwa. Mimi nilibaki nikijiuliza swali moja: kama ni kukosea, mbona wote wanakosea mahali pamoja, mzee na mtoto, kijiji hiki na kile?

Kijiji tulichofikia kilikuwa upande wa Mvumi. Nyumba za tembe bado zilisimama pembeni, paa zake bapa za udongo, na harufu ya zizi, ya maziwa mgando na ya majivu ya kinyesi cha ng'ombe imekaa hewani asubuhi hadi usiku. Mwalimu wa shule ya msingi aliyetuongoza alitufundisha kuamkia, "Mbukwenyi," kabla hatujataja shida yetu. Hapo ndipo nilipomwona mzee ninayetaka kukusimulia. Alikuwa mwembamba, paji la uso lina ile alama ya duara ya Wagogo wa zamani, ndewe za masikio zimenyooka karibu ziguse mabega, na macho yake yalikuwa na utando wa uzee lakini hayakuacha kukutazama. Kila mtu alimwita babu, nasi tukamwita hivyohivyo. Tulikula kwake ugali na mlenda. Unga wenyewe ulikuwa ule wa mahindi ya njano kutoka Marekani, tuliouita unga wa yanga, na mama mwenye nyumba aliona haya kutuwekea, kwa kuwa mgeni wa Kigogo hupewa ugali wa uwele. Mwaka ule uwele haukuwepo. Ninakutajia hili ujue kwamba watu waliotupigia ngoma usiku ule walikuwa na njaa, na bado walitupigia.

Babu alikuwa na zeze la nyuzi mbili, kibuyu kimewambwa ngozi ya mbuzi, waya mwembamba mahali pa uzi, na uta mdogo wa nyuzi za katani aliousugua kwa utomvu mkavu ulionukia vizuri kila ulipopata joto la msuguano. Nilipokuwa nikipima sauti kwenye mashine nilimwomba apige uzi mmoja, mtupu, bila kuubana. Akapiga, akaniuliza, "Umesikia ngapi?" Nikamwambia moja. Akasema, "Sikiliza tena, mwanangu." Akaweka ncha ya kidole katikati kabisa ya uzi, hakuubana, aliugusa tu kama anavyogusa mtu jeraha, akapiga. Ikatoka sauti ileile ikiwa juu, ile ambayo watoto huipata wakiimba wimbo mmoja na wanaume. Kidole kikasogea penye theluthi ya uzi, ikaja so. Kikasogea penye robo, ikaja do nyingine. Penye sehemu ya tano ikaja mi, tamu kuliko mi yoyote niliyowahi kusikia, imetulia kabisa. Penye sehemu ya sita, so tena. Halafu akasogeza kidole kidogo mno, penye sehemu ya saba, na ile sauti iliyomsikitisha mwalimu wa kwaya ikatoka: imepita la, haijafika ti. Ikalia ndani ya spika zangu za masikioni, safi kama zilizotangulia. Kidole hakikubana kitu. Kilichofanyika ni kunyamazisha sauti nyingine ili hiyo isikike peke yake. Kisha babu akaondoa kidole, akapiga uzi mtupu tena, na safari hii, kwa kuwa nilishajua cha kutafuta, nikazisikia zote zimo humo ndani, moja juu ya nyingine, kama nyumba yenye wajukuu wengi ukishawajua majina.

Ndivyo uzi ulivyo. Unapotetemeka mzima, wakati huohuo unatetemeka kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake, na kuendelea. Ukitetemeka mara 110 kwa sekunde, nusu zinatetemeka mara 220, theluthi 330, robo 440, kisha 550, 660, 770, 880, 990. Wanafizikia wanaziita harmoniki. Hesabu yake ni ya kuzidisha tu, mtoto wa darasa la tatu anaiweza, na haikutungwa na mtu.

Usiku wakaimba. Wanawake walishika ngoma zao za muheme mapajani, wanaume wakasimama nyuma, moto ukawa mkubwa kuliko kuni zilivyoruhusu. Nilikuwa nimevaa zile spika za masikioni, nikiangalia mshale wa mashine usipande mno, na taratibu nikaanza kuelewa ninachosikia. Walikuwa wanaimba uzi wa babu. Sauti zao zote zilikuwa harmoniki zake kuanzia ya 4 hadi ya 9: do, mi, so, ile ya saba, do ya juu, re ya juu. Hawakuwa na nyingine wala hawakuzihitaji. Na walipoachana, kundi moja juu na jingine chini, waliachana kwa kuruka sauti moja: aliyeshika ya 6, mwenzake ya 4, aliyeshika ya 7, mwenzake ya 5, ya 8 na ya 6, ya 9 na ya 7. Ndiyo maana hakukuwa na kugongana. Kila wawili walikuwa watoto wa uzi mmoja usiopigwa pale, na nakuhakikishia kwamba mara nyingine, sauti zikishika sawasawa, nilisikia mngurumo wa chini ambao hakuna mwanamume aliyekuwa anauimba. Huo nao una maelezo. Sauti mbili zenye nguvu zikisimama pamoja, sikio lenyewe huzalisha ile inayotokana na tofauti yao. Sauti ya 660 na ya 550 zitakuletea 110.

Kesho yake babu akanionyesha anavyotengeneza ilimba, na hapa ndipo heshima yangu kwake ilipoongezeka maradufu. Ilimba ni vipande vya chuma vilivyobanwa upande mmoja juu ya sanduku la mbao, unavipiga kwa vidole gumba. Sasa chuma kilichobanwa hivyo hakifuati hesabu ya uzi hata kidogo. Sauti yake ya pili ya ndani iko juu ya ile ya kwanza kwa mara 6 na kidogo, kama 6.27, na haipatani na chochote. Kwa hiyo aliyepanga vyuma vya ilimba kwa sauti za 4, 5, 6, 7, 8 na 9 hakuzisikia humo kwenye chuma. Alizichukua kwenye uzi, kwenye uta, kwenye koo la mtu, akaja kuzipanda kwenye chuma kwa makusudi. Babu alikivuta chuma nje kwa unene wa ukucha, akapiga, akaimba, akakirudisha kwa nusu ya hapo, akapiga. Kifupi zaidi kinapanda, kirefu zaidi kinashuka. Pembeni kulikuwa na vyuma ambavyo vidole havikuvigusa kabisa, nikauliza vya nini. Akapiga kimoja cha kati, akakizima haraka kwa kidole, na kile kisichoguswa kikabaki kinalia chenyewe. Kitu chochote kilichoandaliwa kwa sauti fulani hujibu sauti hiyo ikipita. Tundu la sanduku lilikuwa limefunikwa utando mwembamba wa buibui, nao uliongeza mkwaruzo mdogo, ule unaofanya ilimba isikike mpaka mwisho wa uwanja.

Tuliporudi Dar es Salaam niliomba ruhusa ya kuingia ukumbi mmoja wa mjini wenye piano, nikafuatana na fundi mkuu wangu, mzee wa Kizaramo aliyejua umeme kuliko wahandisi wengi wenye vyeti. Alinionyesha jambo ambalo nawe ulifanye leo ukipata piano ya nyuzi, siyo ya umeme. Bonyeza kibao cha do ya kati polepole kisitoe mlio, ukishikilie hivyohivyo ili kile kinachozuia uzi kiinuke. Kisha piga kwa nguvu do ya chini sana, mara moja, uiachie. Do ya kati italia peke yake bila kupigwa. Fanya hivyo kwa so iliyo juu yake, nayo italia. Mi nayo italia, ila kwa unyonge. Ukifika kwenye kile kibao cheusi kilicho baina ya la na ti, utasikia mnong'ono tu, pengine usisikie kitu. Sauti ya 7 ya uzi wa chini imo, lakini uzi wa kibao kile haujakazwa kwa ajili yake. Mafundi wa piano waligawanya nafasi kati ya do na do katika hatua 12 zinazolingana ili mpigaji aweze kuanzia popote, na mgawanyo huo una gharama. Uzi wa 110 unataka 550, piano inakupa 554 na kidogo. Unataka 660, piano inakupa 659 na kidogo, hapo hakuna neno. Unataka 770, piano inakupa 784. Ukiziliza 770 na 784 pamoja, zinagongana mara 14 kila sekunde, na sikio linaita hilo ukali. Waimbaji wa Ugogo hawakuwa wameshuka. Kinanda ndicho kilichopanda, kwa sababu zake nzuri, na yule mwalimu wa kwaya aliwapima watu wazima kwa rula iliyokatwa kwa kazi nyingine.

Wazungu nao walilitafuta jambo hili kwa muda mrefu. Mersenne wa Ufaransa aliandika 1636 kwamba akitega sikio kwenye uzi mmoja anasikia na sauti za juu, na haikumkalia vizuri kwamba kitu kimoja kiende kwa mwendo mwingi wakati mmoja. Sauveur akazipanga na kuzipa jina mwaka 1701. Helmholtz, Mjerumani, akaja 1863 na kitabu kinachoeleza kwamba tofauti ya filimbi na fidla zinapopiga noti ileile ni kipimo cha hizi sauti za juu: ipi ina nguvu, ipi dhaifu, ipi haipo. Unaweza kuthibitisha bila maabara. Imba a, kisha u, kisha i, bila kupandisha wala kushusha. Koo halijabadilika, umebadilisha umbo la mdomo, na mdomo umezikuza baadhi ya harmoniki na kuzizima nyingine. Na simu nazo: zile za waya tulizozifanyia kazi zilipitisha kuanzia mitetemo 300 hadi 3,400 hivi. Sauti ya mwanamume inaanzia kwenye 110 au 120, hiyo ya chini haipiti humo kabisa, na bado ulimtambua baba yako kuwa ni baba yako. Sikio linapokea 330, 440, 550, linaona zimeachana kwa 110, basi linajirudishia 110 lenyewe. Redio ndogo za vijijini zilitegemea hisani hiyo ya sikio usiku na mchana.

Muziki huu wa Ugogo haukuwa siri. Mtafiti Hugh Tracey alishaurekodi mwaka 1950, Gerhard Kubik wa Austria akauchunguza miaka ya 1960 na kuandika waziwazi kwamba msingi wake ni harmoniki. Mwalimu Nyerere alimsikia Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo, akamwita Dar es Salaam, na baadaye Zawose akafundisha Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa 1981. Alifariki Desemba 2003. Nilimsikia jukwaani zaidi ya mara moja. Alikuwa na ilimba kubwa zenye vyuma vingi mno na sauti inayopanda toka kifuani hadi juu kabisa bila kuonyesha ilikovukia, na kila alipofika penye ile ya saba aliikalia kwa raha, mbele ya Wajapani na Waingereza waliokulia kwenye piano, na hakuna aliyemwambia anakosea. Yule babu wa Mvumi hakupanda jukwaa lolote. Nilivyosikia, alifariki kabla ya vita vya Kagera. Sauti yake ninayo kwenye kumbukumbu tu, maana tepu zile hazikuwa zangu.

Kwa hiyo nakuomba, mpwa wangu. Ukiwarekodi tena wale vijana, usiwashe ile programu kabla hujamwambia mpiga zeze akupe uzi wake wa chini, mtupu, nusu dakika. Upime mitetemo yake, kisha uzidishe kwa 4, 5, 6, 7, 8 na 9. Hizo ndizo noti zake, na akizipata amepatia. Ukitaka kuongeza kinanda, kompyuta yako inaweza kukishusha kinanda kimfuate yeye. Na ule wimbo ulionisikilizisha, kama rekodi ya mwanzo hujaifuta, uutengeneze upya kutoka hapo.